Kuku Aliyerudi Jikoni

Mzee alikuwa ameshika mkono wa mjukuu wake, na mimi nilikuwa nimeshika paja la kuku kwa koleo. Basi lao lilikuwa nje linanguruma, konda amening'inia mlangoni anapiga kelele, "Dakika kumi! Kula na kuchimba dawa, choo kiko nyuma, dakika kumi!" Nikamwamkia mzee. Akaitika, "Marahaba, binti yangu," taratibu kabisa, kama mtu asiye na safari. Halafu akaniuliza swali ambalo abiria huwa hawaulizi, maana hawana muda.

"Huyu kuku ni wa leo? Ni wa mtoto huyu. Tumbo lake si zuri tangu jana."

Kabla sijafungua mdomo, bosi akajibu nyuma yangu. "Wa leo huyo, mzee wangu. Katoka kwenye mafuta sasa hivi."

Na kweli kuku alikuwa katoka kwenye mafuta sasa hivi. Ila ilikuwa mara yake ya pili. Mara ya kwanza alikwenda mezani kwa mama mmoja wa basi la asubuhi, mama akamng'ata kidogo, honi ikalia, akakimbia. Pale alipong'atwa nilipaondoa mimi kwa kisu. Mkono huu huu.

Nikamtazama mtoto. Kavaa sweta joto lote lile la Mikumi, macho yanamfuata kuku kila koleo linapohama.

"Mzee," nikasema, "usimpe mtoto huyu kuku. Ameshaliwa na mtu."

Sikuwa nimepanga. Ningepanga ningesema kwa sauti ndogo. Lakini sauti yangu haijawahi kuwa ndogo, na siku ile ilifika mpaka meza za mlangoni. Nikanyanyua trei nzima ya kuku, nikaimwaga kwenye ndoo ya makombo mbele ya watu wote.

Mama mmoja aliyekuwa anatafuna akaacha kutafuna, shavu limevimba vile vile. Kijana wa meza ya pembeni akainua kipande chake juu, akakizungusha, akauliza, "Kwa hiyo hiki changu kilikuwa cha nani?" Watu wakacheka. Kisha wakaacha kucheka, na hapo ndipo kelele zilipoanza. Rudisha hela yangu, mwite polisi, mpige picha huyo, mama yangu nimekula robo tatu nzima. Konda naye hajui kilichotokea, anapayuka tu kwamba gari linaondoka.

Bosi akanisogelea sikioni. "Umerogwa wewe?"

"Hapana. Nimechoka."

"Vua aproni yangu."

Nikaivua, nikamtundikia begani. Yule mzee alikuwa bado amesimama. Akaniambia, "Ahsante, mwanangu," akamchukua mjukuu wake, nikawaona nje wakinunua ndizi. Sikumjua, wala sitamwona tena. Lakini namshukuru kwa sababu aliniuliza huku ananitazama. Angeuliza huku anatazama saa kama wenzake, ningempakulia.

Nasema mapema ili nieleweke: haya ni maandishi ya shukrani. Kama yanatoka kwa kelele, ndivyo nilivyoumbwa.

Kwa asiyeijua ile barabara, ngoja nieleze kazi yenyewe. Mikumi mabasi yanapita mchana kutwa, ya kwenda nyanda za juu na ya kurudi pwani, na kila basi lina hoteli yake ya kusimama. Hoteli namaanisha sehemu ya kula, si ya kulala. Dereva na konda wanakula bure, tena wanakaa chumba chao, tena wanapakuliwa chakula kutoka kwenye sufuria iliyo jikoni, kilaini, kwa heshima, kwa sababu wao ndio wanaoleta watu. Abiria analipia kaunta, anapewa sahani, anatafuta pa kukaa. Akishakaa, honi inalia. Nani atabaki Mikumi na begi lake linakwenda Mbeya? Anakurupuka. Sahani inabaki na wali nusu, mchicha wote, na kuku mzima au karibu mzima.

Kuku yule ndiye tuliyemwita marudio. Anakusanywa, anasuuzwa kwa maji ya moto, palipong'atwa panakatwa, anarudi kwenye mafuta, anamwagiwa rosti nyekundu nzito. Rosti ndiyo ilikuwa sabuni yetu. Wali nao ulirudi kwenye hotpoti, chini, juu unawekwa mpya. Nilipoajiriwa nilidhani ni jambo la siku moja, labda kuku walikuwa pungufu. Baada ya wiki nikajua ndiyo biashara.

Nilimwambia bosi. Sikumwambia kwa ubaya wakati ule, nilimwambia kama mtu anayemtakia mema. Kwamba, bosi, watu hawa hawana muda wa kukaa. Tuwafungie chakula tangu mwanzo kwenye vifungashio, wakale ndani ya gari, kila mtu aondoke na chake. Akanitazama kama nimemwomba mkewe.

"Form four wewe, eh?"

"Ndiyo."

"Ulipata ngapi?"

Nikashika koleo langu, maana nilipata nilichopata.

"Basi pakua," akasema.

Nikapakua. Nilikuwa na mtoto wa kike wa miezi minane, baba yake alikuwa Singida kwenye ujenzi, akituma anatuma, asipotuma hakuna wa kumuuliza. Chumba nilipanga mwenyewe, nyuma ya barabara. Kazi ile ndiyo iliyokuwa uji wa mtoto. Kwa hiyo nilipakua, na kila jioni nilirudi nyumbani na kichwa kimebana kama nimefungwa kitambaa kikavu kikalowa.

Nikaanza kumfokea mtoto. Mtoto ambaye hajui hata kutembea, namfokea kwa nini anamwaga maji. Maziwa yakapungua. Ananyonya, anaachia, ananitazama, analia. Nilikwenda kliniki kumpima uzito, nesi akaangalia kadi, akaona mstari umelala. Alikuwa mtu mzima kidogo, mkali, wa kuogopwa na akina mama wote. Nikajiandaa kutukanwa.

"Unakula wewe?" akaniuliza.

"Nakula, shikamoo."

"Marahaba. Sasa umeniamkia baada ya kunijibu, hapo ndipo ulipofika." Akina mama kwenye benchi wakacheka. Hata mimi nikacheka. "Unalala?"

"Silali vizuri, kichwa kinanibana."

"Unafanya kazi gani?"

"Hotelini, ya mabasi."

"Unaipenda?"

Nikasema kupika napenda sana. Akasema sijakuuliza kupika, nimekuuliza kazi. Machozi yakaanza kutoka tu, bila hata kulia. Hakunibembeleza. Alinipa karatasi ya kufutia, akampima mtoto upya, akaniambia ninywe uji mwingi, na kwamba kichwa changu hakina ugonjwa wa kidonge. Dunia nzima inasema stresi, stresi, pumzika, kunywa maji. Yeye peke yake aliniuliza kazi. Namshukuru mpaka leo, na leo nikimwona namwamkia kabla hajanisemesha.

Sasa niseme kuhusu dada. Huyu alikuwa mpishi mkuu, na kumwita dada ni heshima tu, umri wake ni wa shangazi yangu. Yeye ndiye aliyenipokea nikiwa sijui hata kugeuza chapati ya watu wengi. Nilipokuwa na mimba akanitoa kwenye moto, akanipa kukata kachumbari nimekaa. Nilipojifungua akaniwekea mkeka stoo, nyuma ya magunia ya mchele, jirani akiniletea mtoto mchana namnyonyesha pale, bosi akiuliza dada anasema, "Nimemtuma vitunguu." Vitunguu gani vya kununuliwa kila siku mara mbili! Bosi alijua. Lakini dada alikuwa anapika kuliko mtu yeyote kwenye barabara ile, kwa hiyo bosi alinyamaza.

Dada ndiye aliyenifunza vilevile kumpakua kuku akiwa wa moto kabisa. "Mtoe kwenye mafuta, moja kwa moja kwenye sahani," alisema. "Akilia tss kwenye rosti, hapo sawa." Nilipenda sana hilo. Nilijiona nawaheshimu abiria. Kwetu mgeni hapewi chakula cha uvuguvugu. Kuna wakati nilijipongeza kabisa kwamba hata kama mengine mabaya, angalau mimi nawapa wa moto.

Siku moja nilikuwa nafuta meza honi ikalia, nikamwona baba mmoja anajaribu kumng'ata kuku wake harakaharaka ili aondoke. Akaungua mdomo. Akamrudisha sahanini, akapulizia vidole, akajaribu tena, akaungua tena, akamwacha, akakimbia. Kuku mzima. Nikamtazama yule kuku anavyofuka moshi, nikaacha kitambaa mezani.

Nilikwenda jikoni. "Dada. Kuku wa moto ni kwa ajili ya nini?"

Dada alikuwa anakuna nazi. Hakuinua uso.

"Dada, nakuuliza."

"Umechelewa kujua," akasema.

"Na ugali wa dereva je? Mbona yeye anapewa uliopoa kidogo?"

"Dereva anatakiwa ashibe."

Ndivyo ilivyokuwa. Abiria wapewe moto wasioweza kula, honi ilie, chakula kirudi. Kile nilichodhani ni heshima yangu kwa mgeni ndicho kilichokuwa mtego wenyewe, na mimi ndiye niliyekuwa nautega kwa tabasamu. Hilo ndilo lililonikata. Kuosha kuku wa mtu nilikuwa nimeshajilazimisha. Lakini kuchukua jambo nililofundishwa na mama yangu, jambo zuri, kuligeuza liwe la kumnyang'anya mtu chakula chake mkononi, hapana. Tangu siku ile nilikuwa natembea kama mtu aliyebeba maji ya moto kichwani. Ilibaki tu nani atanigonga. Akanigonga yule mzee na mjukuu wake.

Jioni ya siku niliyofukuzwa, dada alikuja chumbani kwangu. Alibeba hotpoti.

"Usiogope, ni cha sufuria," akasema mlangoni.

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Akampakata mtoto, akampaka ugali na mchuzi mdomoni kwa kidole chake, tukala. Kisha akanipa ujumbe. Bosi amesema nirudi. Niombe msamaha mbele ya wafanyakazi, nisikae tena kaunta, nikae kuoshea vyombo nyuma, nisimwone abiria wala abiria asinione. Na kwamba kama nikienda kusema popote, hakuna hoteli kwenye barabara ile itakayonichukua, atahakikisha.

"Wewe unasemaje, dada?"

"Mimi nasema mtoto atakula nini."

"Na wale wanaokula pale?"

"Wale wanashuka Iringa, tumbo linawaendesha, wanapona." Akajicheka mwenyewe, halafu uso ukabadilika. "Sikiliza, mdogo wangu. Mimi nina watoto watatu shule. Wakifunga pale, mimi umri huu nakwenda wapi? Mdomo wako huo nakujua. Nakuomba tu ufikiri."

Nilimwahidi kufikiri. Nilikuwa na deni kwake ambalo si la fedha. Mtu aliyekuwekea mkeka unyonyeshe huwezi kumwamkia asubuhi na kumchongea mchana. Kwa hiyo nilibaki na jambo moja mbele yangu, na halikuwa dogo: nirudi nioshe vyombo nikiwa kipofu, mtoto ale, dada awe salama, au niende nikaseme, na wote watatu tukae hatarini kwa mdomo wangu.

Nikaenda kufikiria kwa mama, Kilosa.

Kutoka Mikumi mpaka kwetu Magomeni ya Kilosa njia ni ile ya mashamba, mahindi ya Masanze yalikuwa yamefika kiunoni, wanawake wanapalilia wameinama kwa mstari. Nilimweka mtoto dirishani mwa gari aone. Babu yangu alikuja Kilosa kwa ajili ya reli, akabaki, akazaa, akazikwa. Mama yangu alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi, zile za mlango kwa mlango, ambako jiko ni moja na makabila ni kumi. Nadhani ndiyo sababu ana ukali wa pekee kuhusu chakula. Kwenye jiko la pamoja, ukirudisha wali wa sahani sufuriani umewalisha watu wengi mate yako. Nyumbani kwetu kilichobaki sahanini kilikuwa cha mwenyewe au cha kuku wanaotembea. Ukionekana unarudisha, mama anakuchapa kwa mwiko ule ule.

Nilimkuta anachoma vitumbua barazani kwake, anakouzia kila siku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umefukuzwa?"

"Nani kakwambia?"

"Umekuja katikati ya wiki na mtoto na beseni. Mtu wa likizo habebi beseni."

Nikamweleza yote. Marudio, rosti, moto, honi, yule mzee. Nilitegemea atanikumbatia aseme umefanya vizuri mwanangu. Mama yangu hanaga mambo hayo. Aligeuza kitumbua, akageuza kingine.

"Na nyie wafanyakazi mlikuwa mnakula hapo?"

"Tulikuwa tunakula."

"Mlikuwa mnakula hicho?"

"Hapana. Sisi tulipakua cha sufuria. Kabla."

"Wote?"

"Wote."

"Na dereva cha sufuria."

"Ndiyo."

"Basi hakuna aliyekuwa hajui," akasema, "isipokuwa anayelipa." Akanipa kitumbua, cha moto, halafu akakinyang'anya, akakipuliza mwenyewe, akanirudishia kama nina miaka mitatu. "Kula. Usiungue."

Sikulala na uamuzi siku ile wala iliyofuata. Nilikaa, nikamsaidia. Asubuhi tunaloweka mchele kwa ajili ya kesho, tunatwanga hiliki, tunapeleka wa jana kusaga, tunachoma. Mama ana utaratibu ambao nilikuwa nimeusahau: kitumbua cha kwanza cha kila siku hakiuzwi. Kinaliwa na mtu wa nyumbani kwanza, mbele ya wateja wamesimama. Zamani nilikuwa mimi. Sasa alikuwa binti yangu. Anawekewa kipande kinywani, anakitafuna kwa fizi na meno yake mawili, wateja wanasubiri wanamtazama. Bodaboda mmoja alizoea kuuliza, "Hakimu amepitisha?" Mama anajibu, "Amepitisha, leta mkono."

Ni jambo dogo. Lakini nilimwangalia mama akifanya hivyo, nikaelewa kwa nini mwanamke huyu, aliyepika juani miaka yote ninayomjua, haumwi kichwa. Anachokitoa kwa mkono wake ndicho anachomlisha mjukuu wake. Hana cha kukumbuka akilala. Mimi nilikuwa nakaa kivulini, kwenye sakafu ya vigae, na feni juu, nikawa nazeeka.

Sijui ni siku gani kichwa kiliacha. Niligundua tu nimetwanga hiliki nzima naimba. Maziwa yakarudi kiasi cha kunilowesha blauzi mbele ya wateja, yule bodaboda akageuka kutazama upande wa pili kwa adabu kubwa mno, mama akacheka mpaka akaunguza vitumbua. Sina lugha nzuri ya kumshukuru Mungu, lakini nilimshukuru pale pale, na unga mikononi.

Ningeweza kuishia hapo. Mama aliniambia nibaki, biashara inatosha wawili tukiongeza chapati. Nilikuwa nimepona. Lakini kila nilipompa mtu kitumbua akala amesimama mbele yangu, nikawa naona meza za Mikumi. Mtu ametoka Dar hajala tangu alfajiri, anapuliza vidole vyake. Kupona kwangu peke yangu kukaanza kuniudhi. Hasira ikarudi, ila safari hii ilikuwa hasira safi, haikuuma kichwa. Ilikuwa kama njaa tu, inataka kitu kimoja.

Nikamwambia mama nakwenda ofisi ya afya ya wilaya. Akasema, "Vaa gauni la maana. Na usipige kelele, watakutoa."

Afisa afya alikuwa kijana, si mkubwa sana kwangu. Nikamweleza, na nilipiga kelele kidogo. Akanisikiliza mpaka mwisho, hilo namshukuru, maana nilikuwa nimejiandaa kuambiwa njoo kesho. Akasema amenielewa, ila maneno ya mdomo hayamtoshi kwenda kukagua mahali, anahitaji maandishi, yenye jina na saini ya mtu anayekubali kuulizwa. Akanipa karatasi na kalamu, akanionyesha benchi la nje.

"Jina langu litaonekana?"

"Kwangu litaonekana. Sitakudanganya kwamba halitajulikana. Mikumi ni ndogo."

Nikakaa na karatasi nyeupe. Mtoto mgongoni anavuta hereni yangu. Nikampigia dada simu.

"Dada, niko wilayani. Nina kalamu mkononi. Sijaandika. Nimesema nikwambie kabla, usije ukasikia kwa watu."

Nilisikia jiko nyuma yake, masufuria, konda anapiga kelele kwa mbali. Nikajua nimempoteza.

"Umeshaamua?" akauliza.

"Nimeamua. Ila nikisikia sauti yako sijui."

"Basi usisikilize sauti yangu." Akahema. "Yule mzee wako, unajua baada ya wewe kuondoka tumeendelea vile vile? Siku ile ile. Basi lililofuata. Mimi ndiye niliyepakua."

"Najua, dada."

"Jina langu usiandike."

"Siandiki."

"Lakini ya moto andika. Wakija kukagua watatazama friji, watatazama choo, wataondoka. Ya moto hakuna atakayeijua asipoambiwa." Kisha akasema kwa haraka, kama anayeogopa kubadili mawazo, "Naitwa huku. Mbusu mtoto," akakata.

Dada, kama utasoma haya: nilikushukuru kwenye benchi lile kuliko siku zote za mkeka. Ulikuwa na kila haki ya kunitukana, ukanipa sentensi iliyokuwa inakosekana.

Nikaandika. Shuleni tulifundishwa barua rasmi, na ndicho kitu pekee cha shule ambacho sikuwahi kukosea. Niliandika majina yangu yote matatu, ambayo hapa siyaweki, nikaweka saini, nikaomba mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu, nao wakagonga. Hivi ndivyo ilivyosomeka:

YAH: MALALAMIKO KUHUSU ABIRIA KUUZIWA CHAKULA KILICHOKWISHA KULIWA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, mkazi wa Mikumi. Nilikuwa mfanyakazi wa kaunta katika hoteli ya chakula iliyotajwa kwenye kiambatisho, inayohudumia abiria wa mabasi. Nimeachishwa kazi baada ya kumweleza abiria ukweli kuhusu chakula alichokuwa anauziwa. Siombi kurudishwa kazini.

Nalalamika kwamba kuku, nyama na wali vinavyoachwa kwenye sahani za abiria hukusanywa, huoshwa, hukaangwa au kuchanganywa upya, na kuuzwa kwa abiria wengine kama chakula kipya. Jambo hili ni la kila siku. Nimelifanya kwa mikono yangu mwenyewe kwa maagizo ya mwenye hoteli, na niko tayari kueleza mbele ya yeyote.

Nalalamika zaidi kwamba abiria hupakuliwa chakula kikiwa cha moto kupita kiasi kwa makusudi, ili washindwe kukila kabla ya honi kulia. Mkija kukagua, naomba msiishie jikoni. Mje basi likiwa limesimama, mkae mezani kama abiria, mpakuliwe kama wao, na mjaribu kula.

Naomba wapishi na waosha vyombo wasiadhibiwe, kwani hawakuwa na uamuzi. Naomba hoteli isifungwe bali ielekezwe kuwafungia abiria chakula chao waondoke nacho. Na kama ni lazima ifungwe, naomba wafanyakazi waambiwe wazi kwamba aliyelalamika ni mimi, ili wasianze kutiliana shaka wao kwa wao.

Nawasilisha.